Diski Niliyoihifadhi Juu ya Jiko

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kaitwa! Zahanati aliyoichora miaka sita iliyopita, ile ambayo kila nikipita namwonyesha hata mtu nisiyemjua, inaongezwa wodi. Wamemtaka yeye. Ila apeleke michoro ya mwanzo kufikia Jumatatu ijayo, la sivyo kazi anapewa mwingine. Ofisi aliyokuwa akifanyia ilishafungwa. Nakala imebaki moja, kwenye diski aliyoniachia nimtunzie. Nikamwambia ondoa shaka, mama yako yupo. Nimeitoa kwenye kopo — safi kama ya jana.

Jumanne, 4 Machi

Haisomeki. Kompyuta inaiona, kisha inaganda. Mtoto kaichomoa taratibu, kairudisha kwenye kopo. Bora angenifokea.

Jumatano, 5 Machi

Kwa fundi kompyuta. Mama wa makamo, miwani ina mnyororo. Nilimweleza binti yangu ni nani mpaka akaniomba nikae. Anasema diski hizi hazina sahani inayozunguka kama zile za zamani. Zinashika data kwa chaji, na zikizeeka, zikakaa miaka bila umeme, chaji inavuja kidogo kidogo. Kisha akauliza ilikuwa wapi. Binti akajibu: kabatini, chumbani kwa mama.

Sikumsahihisha. Haikukaa kabatini. Ilikaa kwenye rafu iliyo juu ya jiko, pamoja na mbegu zangu za mboga. Mbegu zikikaa pale haziozi, na zinaota zote! Mimi nilikuwa nakimbia unyevu. Fundi akaongeza, hajui kama ananichoma, kwamba joto ndilo linaloharakisha kuvuja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshindwa kuvumilia. Nimempigia fundi nikasema yote. Akacheka, akasema afadhali amejua. Hataiwasha na kuizima ovyo. Ataisoma mara moja, polepole, faili zinazogoma aziruke, azirudie mwishoni.

Jioni nikamwambia na binti. Kanitazama weee.

"Mama, ulitaka ichipue?"

Tukacheka mpaka machozi. Yake sijui yalikuwa ya aina gani.

Jumamosi, 8 Machi

Zimetoka! Michoro kumi na saba kati ya kumi na minane. Msingi, kuta, paa, umeme. Mmoja umegoma kabisa, wa mabomba ya maji machafu. Fundi kajaribu mara tatu, akasema hataki kumdanganya mtu. Binti kaweka nakala sehemu tatu. Mimi sikupewa hata moja, na sikuomba.

Jumapili, 9 Machi

Tupo zahanati. Anapima upya mabomba ya ule mchoro uliogoma, auchore tena, chemba hadi chemba, yale mashimo ya maji machafu yenye vifuniko, kwa tepu. Mlinzi kaniuliza mimi nani. Nikamwambia, mama wa aliyelichora jengo hili. Kaniletea ndoo nikalie. Naandika huku nimekanyaga ncha ya tepu. Zimebaki chemba nne, na mawingu yanajikusanya. Anapaza sauti kutoka nyuma ya jengo, nisiinue mguu.

Sijainua.