Jani la Shaba Kwenye Koti la Babu

Mdogo wangu Masatu,

Hamjambo huko Bunda? Shemeji mgongo wake umepoa? Na pamba, mmeshapalilia au mvua bado inawachezea akili? Mimi huku Uingereza ni mzima wa mwili. Baridi ya mji huu wa bandari inaingia mpaka kwenye meno, lakini kazi ipo, na pa kulala papo. Roho ndiyo haiko sawa, na hiyo ndiyo iliyonikalisha mezani na karatasi, mimi ambaye sijaandika barua tangu niko shule.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara mbili. Mara zote ukapokea, ukasema "Shikamoo kaka" kwa ile sauti yako ya upole, nikaishia kukuuliza bei ya dagaa. Basi bahasha hii nimempa Mama Neema, yule muuguzi wa kwetu Bunda anayekuja likizo. Ndani kuna karatasi hizi na kipande kifupi cha utepe. Usikitupe.

Kabla hujasoma zaidi, nenda Kamunyonge kwa mama ukalitafute lile jani dogo la shaba, lile mlilong'oa kwenye koti la babu kwa sababu yangu. Uliniambia mama alilitupia kwenye kopo lake la vifungo. Unamjua mama na cherehani yake, kitu kikiingia kwenye kopo lile leo, kesho kiko kwenye gauni la mwanakwaya. Juzi nilimpigia nikamwomba asitoe chochote humo mpaka wewe ufike. Akaniuliza, "Una wazimu? Watu wanasubiri nguo zao, mimi nikae nalinda kopo?" Nikamwambia mama, tafadhali. Akauliza huku Ulaya wananilisha nini, akakata simu.

Umelipata? Kama hujalipata endelea kutafuta, kisha ndiyo usome.

Unajua kazi yangu, lakini sikuwahi kukueleza vizuri. Niko kwenye stoo ya jumba la makumbusho ya mambo ya bahari. Nilianza kwa kubeba maboksi. Sasa namsaidia bosi wangu, mama mmoja wa hapa anaitwa Bi Helen, kupanga sare za mabaharia wa zamani. Koti likija halina jina tunalisoma kifuani, kwenye zile tepe za rangi rangi ambazo askari anavaa mahali pa nishani zenyewe. Kila utepe una habari yake. Ukishazoea, unamjua mtu alipita vita gani kabla hujatazama mfukoni. Mwaka wa kwanza nilikuwa sioni kitu, naona vitambaa tu. Sasa hivi Bi Helen akikosa miwani yake ananiita mimi.

Ndiyo maana ulipoweka picha ya koti la babu, lile alilorudi nalo kutoka meli za vita za Mwingereza, kwenye grupu la ukoo, ukaandika, "Kaka wa makumbusho atusomee, fundi wa jiwe anasubiri maneno ya kaburini," mimi nilikuwa nimeshamaliza kulisoma. Dakika moja haikufika.

Sasa nisikilize, na usiniruke. Sikulisoma kwa macho ya mjukuu. Nililisoma kwa wivu.

Wivu wenyewe ni wa zamani, Masatu. Mimi ni mkubwa wako, lakini wewe ulipewa jina la mtu, mimi nikapewa jina la msimu. Nilizaliwa watu wanavuna, wakasema huyu ni Magesa, basi, yameisha. Wewe ulizaliwa babu ana mwezi mmoja kaburini, ukaja na jina lake. Tangu hapo nyumba nzima ikageuka. Marehemu baba yetu, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa anakuitaga "baba" na kukupisha kiti. Bibi naye, Mungu amlaze pema, alikuwa anakuita "mume wangu." Samaki sato akiiva, kichwa kinakwenda kwa mume wake, na mimi kaka mkubwa napewa mkia na maneno: "We kula, mwenye nyumba ameshakula." Watu wanacheka, ni utani. Na mimi nilikuwa nacheka. Hee! Nilikuwa nacheka huku nachambua miiba ya mkia.

Nilipokuwa mdogo niliwahi kuwaza, kama babu angekufa mapema kidogo, kabla mimi sijazaliwa, jina lingekuwa langu. Mjukuu wa damu anawaza hivyo! Sijawahi kumwambia mtu.

Halafu likaja hilo koti. Siku unaoa, baba alitaka akuvishe koti la babu mbele ya watu, kwa sababu kwetu mwenye jina ndiye mwenye vitu. Nani alilipiga pasi? Mimi. Nilipuliza makaa mpaka machozi yakanitoka. Nikiwa peke yangu chumbani nikalivaa. Masatu, lilinikaa. Mabegani lilinikaa kabisa, mikono ikaishia hapa kwenye kifundo, utafikiri fundi alinipima mimi. Kesho yake ukavishwa wewe, mikono ikakufunika vidole, kina shangazi wakapiga vigelegele. Nami nikapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, ili mtu asinione.

Kwa hiyo picha ilipokuja kwenye simu, na chini yake umeandika kwamba jiwe litasema SHUJAA WA MIZINGA, nilitazama vifungo kwanza. Ni vyeusi, sivyo? Baharia wa kawaida wa wakati ule hakuvaa koti la vifungo hata kidogo, alivaa ile blauzi yenye kola pana mgongoni. Koti lile, na vifungo vyeusi, walivaa wapishi na wahudumu. Babu hakupiga mzinga wowote. Babu alikuwa mpishi. Na nilipoliona hilo nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nikaandika yale uliyoyaona. Kwamba babu alikuwa mpishi wa meli. Kwamba tepe zile tatu, ile ya bluu ya kiza, nyekundu na bluu ya maji, ile ya upande wa Burma, na ile nyekundu ya pembeni yenye bluu na weupe katikati, zilitolewa kwa maelfu ya watu waliokuwepo vitani. Yote hayo ni kweli. Nikaongeza kwamba hata utepe wa kwanza umeshonwa kinyume, bila shaka bibi alipofua koti alirudisha anavyojua mwenyewe. Hilo nalo ni kweli, bluu ya kiza inatakiwa iwe upande wa vifungo. Halafu baba mdogo wa Buhemba akauliza, "Na hilo jani la shaba juu ya utepe wa mwisho ni nini?"

Nikaandika: "Pambo tu. Atakuwa bibi alilinunua mnadani."

Huo ndio uongo wangu. Nililijua lile jani hata kabla sijakuza picha.

Ujumbe wangu ulisomwa na ukoo mzima. Baba mdogo akaanza vicheko vyake, akakuita Mpishi, na nasikia sasa hata kivukoni Kisorya wanakuitaga hivyo hivyo: "Mpishi, leo umetupikia nini?" Mimi nikaweka kile kikatuni cha uso unaocheka. Kisha ukanipigia. Ningefurahi kama ungenitukana. Ukasema, "Sawa kaka, wewe ndiye unayejua. Nimempelekea mama koti, ameling'oa lile pambo, watu wasije wakatucheka zaidi. Na fundi nimemwambia aandike jina tu." Ukanishukuru. Ukasema bora umeambiwa na ndugu kuliko kuambiwa na mtu baki.

Tangu siku ile chakula hakishuki vizuri. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi suruali zinanivuka.

Wiki iliyopita tulikuwa tunafungua boksi la makoti ya wapishi. Bi Helen akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuvaa hili. Sijui nini kilinisukuma, nikatoa simu nikamwonyesha picha yako. Akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Babu yako huyu?" Nikasema ndiyo. Akasema miaka yake yote kwenye kazi hii makoti ya wapishi amepokea mengi, lakini mpishi mwenye jani anaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kisha akaniuliza nyumbani walifurahi kiasi gani nilipowaeleza. Nikamwambia, "Walifurahi sana." Nikaenda chooni nikakaa huko.

Sasa nakwambia ulichonyimwa. Jani lile halinunuliwi mnadani. Halipewi kila mtu. Mtu akifanya jambo la kupita wajibu wake, mkubwa wake anaandika jina lake kwenye taarifa inayopelekwa juu kabisa, na yule aliyetajwa anapewa jani la kuvaa juu ya utepe. Babu yetu wa Kisorya, mpishi, aliandikwa jina. Mpiga mizinga kupewa jani si ajabu sana, mzinga ndio kazi yake. Mpishi alifanya nini? Jani halisemi. Bi Helen anasema tunaweza kutafuta kwenye makaratasi ya zamani, na nimeshaanza kuomba. Tusipopata hatutapata, lakini jani litabaki kuwa jani.

Kuna kitu kingine, na hiki nimekibania miaka yote kuliko hata jani, kwa sababu nilikuwa nasema wewe una jina, una koti, una kichwa cha sato, hiki kimoja ni changu.

Mimi nilimwona babu. Alikufa nina miaka mitano, wewe uko tumboni. Wote wanakumbuka alikuwa anavaa mashati ya mikono mirefu hata jua la saa nane, wakadhani ni maringo ya Kizungu. Siku moja alikuwa anapika sato mwenyewe kule nyuma ya nyumba, alikuwa anapendaga kupika, na bibi alikuwa anaona haya majirani wakimwona. Alinikalisha mapajani akakunja shati asilichafue. Mkono wake wa kushoto, kuanzia hapa kwenye kifundo mpaka juu ya kiwiko, ngozi ilikuwa inang'aa, imejikunja kama utandu wa maziwa yaliyochemshwa. Nikaushika. Nikamuuliza, "Babu, uliungua?" Akasema, "Mafuta tu ya kukaangia." Akanipa kipande cha samaki, akashusha shati, na sikuuona tena mkono ule.

Labda ni mafuta kweli, mpishi ni mpishi. Lakini nimefikiri sana, Masatu. Hakuna mkubwa wa jeshi anayeandika jina la mtu kwa sababu amemwagikiwa na mafuta.

Basi chukua, hiki nacho nimekupa. Sina kingine nilichokubania.

Nenda kwa mama na huo utepe niliokuwekea. Ni mpya, ule wa kwanza umechakaa. Mwambie aushone bluu ya kiza ikitazama vifungo. Jani lirudi kwenye utepe wa mwisho, limelala, kikonyo upande wa vifungo, ncha ikielekea begani. Fundi wa jiwe mrudie. Mwambie aandike MPISHI WA MELI, na msione haya, na chini yake aandike ALIYETAJWA JINA VITANI. Siku barua ikikufikia nibipu tu, usiongee. Mimi nitaingia kwenye grupu niandike kwa mkono wangu kwamba lile jani nililijua na nilidanganya, na sababu nitaisema. Baba mdogo acheke, ni zamu yangu.

Mikono ya koti usiipunguze. Nilitaka kukuambia uipunguze, nikaona huo nao ni wivu unatafuta mlango wa nyuma. Ikunje kwa ndani tu.

Nisalimie mama, mwambie sina wazimu, na kopo lake sasa yuko huru nalo. Msalimie shangazi wa Butiama na michembe yake ya viazi vikavu, ile aliyonifungia niliimaliza kwa siku nne. Shemeji mpe pole ya mgongo. Baba mdogo wa Buhemba naye msalimie, ingawa utakuwa umeshamsikia mwenyewe akinicheka. Watoto wote waambie baba yao mkubwa anawakumbuka.

Nisamehe, mdogo wangu. Wivu haujaisha, sitakudanganya mara ya pili. Nikifumba macho nakuona pale Kisorya mbele ya jiwe, koti limekumeza, jani linawaka, kina shangazi wanapiga vigelegele. Siku hiyo nitumie picha. Nitaumia, lakini nitumie.

Ni mimi kaka yako,
Magesa