Sheria ya Athumani Peke Yake

Jumanne, 1 Septemba 1953
Nimemenya mihogo tangu asubuhi. Imekuwa myeupe kuliko ya mtu yeyote hapa kijijini Masaki. Si majivuno, ndivyo ilivyo.

Mwalimu wa shule kapita na habari. Ombi la fidia aliloniandikia limesomwa bomani Kisarawe. Sheria ya vibarua wanaofia kazini haimfikii mwanangu Athumani. Siku ile kule kwenye machimbo ya mawe Kongowe alikuwa amekwisha kutoka kazini. Alirudi mwenyewe kumvuta mwenzake, kifusi kikamfunika yeye. Mwenzake mzima hadi leo.

Imebaki njia moja. Baraza la Kutunga Sheria, Dar es Salaam, lipitishe sheria ya mtu mmoja, yenye jina lake, ndipo serikali inilipe. Lakini kwanza Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani, aje aone hali yangu.

Sheria nzima ya mtu mmoja! Nani mwingine hapa mwanawe ana sheria?

Ijumaa, 4 Septemba
Nimempa habari Bi Tatu, jirani yangu. Nimempa mara mbili. Kasema, "Wewe Mama Athumani, hata msiba wako una maringo!" Tumecheka sana. Kisha kaenda kwake, nami nikaingia ndani.

Herufi hizi alinifundisha Athumani, nikiwa mtu mzima. Alikuwa ananisahihisha kama mwalimu. Namkumbuka sana.

Jumatano, 9 Septemba
Bwana Shauri anakuja kesho. Sijakaa kitako. Kwa Bi Tatu nimeazima kitanda cha besera, kile cha nguzo nne, mkeka wa rangi, vikombe sita na doti ya kanga mpya. Mchele nimeuchukua dukani, nitalipa korosho zikianguka. Jogoo ni wangu. Ninaye huyo huyo.

Mgeni aliyekuja kwa ajili ya Athumani hawezi kula muhogo.

Alhamisi, 10 Septemba
Amekuja na karani wake. Wamekula wakashiba, karani kajilamba vidole. Bwana Shauri akaniuliza kwa Kiswahili chake kile, "Mama, tangu kijana afe una shida gani?"

Shida? Nikamwambia Mama Athumani hana shida, mwanangu alinitunza, tazama mwenyewe. Nikamwonyesha kitanda. Karani akaandika. Bwana Shauri akanipa mkono, akasema vizuri sana, mama.

Wameondoka wakinisifu. Nilikuwa naimba.

Alasiri Bi Tatu kaja na binti zake kuchukua vitu vyake. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Jumatatu, 28 Septemba
Barua. Nimeisoma mwenyewe, kisha Mwalimu kaisoma, isije ikawa nimekosea. Sikukosea. Ombi halitapelekwa Barazani. Sheria ya mtu mmoja hutungwa kwa ajili ya mwenye dhiki, na mama wa marehemu ameonekana hana dhiki.

Mwalimu kaniuliza, "Mama, ulimlisha nini yule bwana?" Nikamwambia, wali kwa jogoo. Kashika kichwa. Nimekasirika. Nimpe mgeni nini, majani?

Anasema bado kuna nafasi wiki hii. Niende bomani mwenyewe niseme kweli, karani aandike upya. Nimemwambia siendi. Nisimame mbele za watu niseme sina kitu? Watasema mwanangu alinitupa.

Jumanne, 29 Septemba
Sijala. Nimemkasirikia Mwalimu, kisha serikali, kisha Athumani. Nani alimwambia arudi mle? Mwenziwe ana mama, na mama yule ana mtoto.

Astaghfirullah. Lakini ndivyo nilivyowaza.

Jumatano, 30 Septemba
Nimekwenda. Nimetoka alfajiri kwa miguu, na kanga yangu hii iliyochakaa.

Bomani watu wamejaa, wengine wa huku huku. Karani akasema, "Sema kwa sauti, mama." Nikasema. Kitanda cha Bi Tatu. Mkeka wa Bi Tatu. Vikombe vya Bi Tatu. Mchele wa deni. Nalala chini. Sina mume, sina mtoto mwingine. Nguo alikuwa ananinunulia yeye, chumvi yeye, mafuta ya taa yeye.

Mtu mmoja nyuma kacheka. Karani hakucheka. Akauliza, "Na yule jogoo?"

Jogoo alikuwa wangu, nikamwambia. Hilo aliandike pia.

Njiani nimelia kama mtoto.

Jumamosi, 5 Desemba
Mwalimu kaleta karatasi kutoka Dar es Salaam. Imepitishwa. Nitaitwa bomani kupokea.

Jina lake liko juu, kwa herufi kubwa, pamoja na la baba yake. Hawakukosea hata herufi. Chini yake wameandika kwamba ni kwa ajili ya mama wa marehemu, fukara, asiye na mtu wa kumtunza. Hapo nimesoma polepole. Maneno ni yangu, niliyasema mimi.

Bi Tatu kaja mbio, yeye hajui kusoma. "Haya, tusomee, mama mwenye sheria!" Nimemsomea jina la Athumani. Akauliza, "Ndiyo hilo tu?" Nikasema ndiyo, hilo tu. Akaomba nilisome tena, nikalisoma. Kisha akaenda kupika kwake.

Mvua imeanza. Nimefunga dirisha la upande unaonyeshewa.