Sala Niliyoomba Kwa Boti ya Shem

Mumbua usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Leo huyu mchumba wangu Shem alikuwa ananifundisha kuendesha ile boti yake ya kuvua, ile ya injini kubwa. Akasema nikanyage mafuta bila kuogopa, pua itainuka kidogo halafu boti ilale sawa kwa maji.

Nikakanyaga. Pua ikainuka nikaona mbingu peke yake. Mumbua, nikafunga macho nikaanza kuomba. Kwa sauti. Na usukani ni mimi nimeshika.

Shem akavuta ile kamba ya kuzima injini. Kukawa kimya ghafla, na mimi bado naomba: "Baba nisamehe, nimekubali kuolewa na Shem juu ya visa ya kukaa huku ng'ambo tu."

Juu ya visa tu. Nilisema hivyo, na yeye amekaa hapo kando yangu.

Kinachoniua ni kwamba sikujua ni kweli mpaka nilipojisikia nikisema.

Unajua alijibu nini? "Amina." Hiyo tu. Akaturudisha polepole, akanileta mpaka mlangoni kwangu hapa Handsworth.

Nimekaa kwa ngazi. Life jacket yake bado nimevaa.