Sabuni ya Jumatatu

Jumatatu, 15 Juni 1992
Miche ya sabuni imelala tangu Jumamosi, imekauka vizuri. Aproni, kitambaa kichwani, kazi. Zile mashine mbili ziko mwisho wa laini ya kupakia. Zote kazi yao moja: mkono unashika mche na kuulaza katonini. Mkono mmoja unasukumwa na upepo wa kompresa, mwingine unaendeshwa na mota. Patroni, mwenye kiwanda, ameziazima kwa mfanyabiashara wa mjini. Ijumaa atachagua moja, nyingine irudi.

Msimamizi wa upakiaji ni mimi, na nimeshasema mbele ya wote: mota. Haina kelele. Inafika pale pale ilipoambiwa. Leo haikukosea hata mche mmoja. Nimepita mtaa mzima wa Gikondo kichwa juu.

Fundi wa kompresa ni shemeji yangu Saidi, mdogo wa mume wangu. Mota ikishinda, yeye anahamishiwa kwenye mapipa ya kuchemshia mafuta, kwenye joto. Jioni hakuja kula kwetu. Najua sababu.

Jumanne, 16 Juni
Mota imevunja ncha za miche asubuhi nzima. Nimemlaumu mkata sabuni. Nimelaumu katoni. Saidi akapita, mikono mfukoni.

“Shemeji, mashine yako iko inapiga sabuni, utasema iko inaidai.”

Wanawake wa laini wakacheka. Nikamwambia yake inakohoa, aipeleke hospitali. Sikutania. Kompresa ikiwaka hapo ndani tunaongea kwa vidole. Mukamana, mwenzangu wa laini, ananisimulia posa ya binti yake tangu mwezi uliopita, mwisho wake bado sijausikia.

Jumatano, 17 Juni
Nimegundua. Afadhali nisingegundua.

Sabuni mbichi ni ndefu kuliko iliyolala. Unene wa ukucha tu, lakini ni ndefu. Na mota nimeiwekea kipimo Jumatatu, kwa miche iliyopumzika Jumapili nzima. Inajua sabuni ya Jumatatu peke yake. Nikiiwekea kipimo upya asubuhi, mchana miche imeshakauka, kiangazi hiki, nayo inaishika vibaya tena. Ya upepo haina habari. Inasukuma mpaka iguse, ikikataliwa inalegea.

Saa nane umeme ukakatika. Mota ikaganda na mche hewani. Ya upepo ikamalizia katoni yake kwa pumzi iliyobaki kwenye tangi. Saidi hakunitazama. Ingekuwa heri angecheka.

Alhamisi, 18 Juni
Stoo kuna miche iliyolala, ya kutosha majaribio ya kesho. Nikiitoa hiyo, mota inashinda. Hakuna atakayeuliza, sabuni ni sabuni.

Nimelibeba jambo hili kutoka Gikondo mpaka nyumbani Nyamirambo. Ugali nimeuacha sahanini. Mume wangu kauliza kama ninaumwa.

Kusema kweli, ya mota siipendi kwa uzuri wake. Nataka kimya tu.

Ijumaa, 19 Juni
Patroni kaja mapema, tai shingoni. Nikaagiza sabuni ya leo asubuhi, ikiwa bado na uvuguvugu. Kwa mashine zote mbili.

Mota ikavunja. Patroni akaokota ncha moja, akaigeuza, akanitazama. Nikasema mwenyewe: tuchukue ya upepo. Hii nyingine inafaa kwa sabuni ndogo za kuogea, zinazopigwa chapa na kutoka sawasawa. Sisi hatuna hizo.

Akauliza wiki nzima macho yangu yalikuwa wapi. Mbele ya wote. Nimeona aibu, nikameza.

Saidi akafunga kisanduku chake cha vifaa, akanipita, akaenda kuswali. Hilo limeniuma kuliko maneno ya patroni.

Jumamosi, 20 Juni
Mota imepakiwa garini. Kompresa inanguruma. Kichwa kinauma.

Jumapili, 21 Juni
Nimepika pilau, nimemtengea Saidi. Hakuja. Mume wangu anasema kaonekana asubuhi na rafiki zake wawili wakielekea Gikondo na mtarimbo. Mtarimbo wa nini, hajui. Pilau imepoa. Nimekasirika, shemeji gani huyu, ameshinda na bado ananuna.

Jumatatu, 22 Juni
Nimeingia nikadhani kuna mgomo. Kimya.

Kumbe kompresa haipo. Iko nje, nyuma ya banda la kuni. Ukutani kuna tundu, na mpira mrefu wa upepo, wa vipande vilivyoungwa, umepitishwa mpaka kwenye mashine. Mkono unapanda na kushuka, unatoa pumzi tu. Saidi kasimama mlangoni, viganja vimechubuka. Nikamwambia pilau yake ipo, nitaipasha moto. Akasema sawa shemeji, akarudi nyuma, kwenye kompresa yake na kuni.

Mukamana ameianza upya habari ya posa. Mkwe alikuja na wazee watatu na kreti za bia, binti akakataa, halafu jioni akakubali. Nimeisikia yote.