Mkono wa Kushoto Unachelewa

Machi 3. Asubuhi ya mawingu, mvua haijaamua.

Mdogo wangu,

Hujambo? Mgongo wako na hiyo cherehani mnaendeleaje? Mimi mzima, stoo kumejaa vumbi kama kawaida.

Nimesoma malalamiko yako. Eti fundi mzima unazidiwa na ngoma mbili za gemu ya televisheni, ya kushoto na ya kulia! Kabla hujalaumu vidole, chunguza mitambo. Spika isiyo na waya huchelewesha sauti. Chomeka ya waya. Kisha ingia kwenye mipangilio urekebishe muda. Usikodolee macho viduara vinavyoshuka. Sikiliza mdundo, mkono ulegee. Halafu niambie: unachelewa kwa kiasi kilekile kila mara? Kama ndivyo, kosa ni la mashine.

Dada yako

Machi 19

Shikamoo dada,

Mimi sijambo, ila wateja wamenichosha. Umepatia, mwalimu! Tangu nichomeke waya, mkono wa kulia sikosi hata pigo. Jirani aliyeniita Kobe kanyamaza. Umebaki wa kushoto tu. Bado unachelewa, na wiki hii umezidi. Nisogeze tena mipangilio kiasi gani?

Mdogo wako, Kobe mstaafu

Machi 27. Jua kali tangu asubuhi.

Mdogo wangu,

U mzima? Nijibu kweli, si kwa mazoea.

Usisogeze kitu. Televisheni haijui umebonyeza kwa mkono upi. Kosa lingekuwa lake, ingechelewesha mikono yote miwili. Unakumbuka Mama alivyoanza? Vikombe vilimponyoka mkono wa kushoto, tukamcheka. Mwishowe tulimlisha kwa kijiko mpaka akatutoka.

Nenda hospitali. Waeleze habari za Mama. Nenda kesho.

Dada yako

Juni 8

Shikamoo dada,

Nilikaa kimya nikitafuta uongo mzuri wa kukuandikia. Nimeukosa. Ni ugonjwa ule wa Mama.

Daktari alinigongesha vidole mezani, kushoto, kulia, huku anaandika. Nikamwambia, "Alama zangu za gemu ninazo nyumbani." Hakucheka.

Cherehani nimeiuza, kitambaa kinataka mkono wa kukiongoza. Gemu ninayo. Nimesogeza mipangilio ifuate mkono wa kushoto, sasa wa kulia unawahi. Hakuna namna ya kuiridhisha yote miwili.

Mdogo wako

Juni 15. Ukungu mzito, hata geti silioni.

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali. Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi.

Rudisha mipangilio ilivyokuwa, ifuate mkono wako mzima. Nimeazima gemu hiyohiyo kwa mwenye nyumba, nafanya mazoezi ya ngoma ya kushoto tu, mkono wa kulia nimeukalia. Mwanzoni nilichelewa kuliko wewe. Tutakaa kochi moja: kulia kwako, kushoto kwangu. Ole wako unicheke.

Jana niliendelea mpaka kidole gumba kikafa ganzi, nikazima. Kisha nikalala chali nikivigongesha vidole vya kushoto ukutani, kimoja kimoja, nikisikiliza kama kuna kinachochelewa. Usingizi ulinichukua saa kumi na robo alfajiri.

Dada yako