Paa la Gari la Shemeji

Chumba cha nyuma,
Karakana ya rangi,
Jumanne, 8 Machi

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Hujambo? Baridi imepungua huko? Na mgongo je, bado unakusumbua ukiwanyanyua wagonjwa wako? Sisi huku ni wazima kiasi chetu. Mama anatembea kwa fimbo siku hizi, lakini ulimi wake hauhitaji fimbo. Leo amenigombeza mara tatu kabla sijanywa chai.

Barua hii nimeianza mara nne na kuichana. Ina habari mbaya, na aliyeharibu ni mimi.

Ni lile gari dogo la plastiki aliloliunda marehemu shemeji kwa mkono wake, ulilonituma nilitengeneze ili rafiki yako muuguzi aondoke nalo wiki hii kukuletea. Liliumia kuliko ulivyodhani lilipoanguka kutoka juu ya kabati. Gurudumu moja la nyuma, yale manene, lilikuwa limeng'oka, mabomba ya moshi yamekatika, na ile injini iliyokaa wazi mbele bila boneti imejaa vumbi kama ya gari la kweli. Nilicheka peke yangu. Shemeji wangu na magari yake ya ajabu, la kizamani, limepunguzwa kimo, limechongoka kama limekasirika, na yeye mwenyewe hata baiskeli ilimshinda.

Wiki mbili nimelishughulikia kila nikimaliza kazi za watu. Mabomba nimeyatengeneza upya kwa mrija wa kalamu. Gurudumu nimelishikiza kwa pini niliyoipasha moto. Thina sikuisogeza karibu, maana thina huila plastiki, na hilo nalijua hata usingizini.

Ndipo nikalitazama paa. Katikati ya ile rangi nyekundu palikuwa na alama ya dole gumba, na mistari yake yote inaonekana, mtu kalishika rangi ikiwa mbichi. Dada, unaijua kazi yangu. Mwaka wa kumi na moja huu napaka magari. Gari likitoka na alama ya kidole, bosi wetu, Kioo tunavyomwita, analirudisha mwanzo na kukutaja mbele ya wote. Nilimtania marehemu moyoni, nikamwambia shemeji, hata saa moja ilikushinda kusubiri. Nikachukua msasa wa maji, nikasugua mpaka pakawa laini, nikapuliza rangi mara tatu. Likang'aa. Nilijiona fundi kweli.

Jumapili nikampelekea Mama alione. Alipitisha kidole juu ya paa, akarudia, kisha akaniuliza, "Cha mumewe kiko wapi?"

Sikumwelewa.

"Kidole cha mume wa dada yako, wewe. Umekipeleka wapi?"

Ndipo akaniambia. Asubuhi gari la wagonjwa lilipokuja kumchukua shemeji, alikuwa ametoka tu kulipaka lile paa. Hakutaka mtu mwingine aliguse. Alijikongoja akaliweka juu ya kabati kwa mkono wake, akatoka, na hakurudi. Nawe ulipokuja kuzika, kila asubuhi ulijifungia chumbani ukaweka dole lako palepale. Mimi nilidhani umelala, na nilikuwa nawanyamazisha watu sebuleni.

Kwanza nilikukasirikia. Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu lingetosha. Hasira ilipoisha nikabaki na aibu, na ndiyo ninayo mpaka sasa. Nilirudi karakana kuyatafuta maji niliyosugulia, sijui nilitaka kuyafanyia nini. Yalikuwa yameshamwagwa.

Sikufichi kitu, Dada. Jana nilichanganya nyekundu ileile, nikapaka paa, na kabla halijakauka nikabonyeza dole gumba langu. Lilitoka vizuri. Usingejua kamwe, na Mama ningemwomba anyamaze. Nililiweka mezani nikakaa nalo. Nikakuona huko chumbani kwako, umefunga mlango, umeweka dole lako juu ya langu, unamwambia mumeo mambo ambayo mimi sikupaswa kuyasikia. Nililia kama mtoto. Kisha nikachukua msasa.

Mama anakusalimu sana na anasema ule vizuri. Shangazi naye anauliza utakuja lini. Wape salamu wapwa zangu, na yule mdogo mwambie mjomba wake anamkumbuka. Mungu akushike mkono, akupe moyo wa kustahimili, na ikiwezekana akupe na wa kunisamehe.

Rafiki yako amekuja kulichukua, anasubiri mlangoni. Ukifungua boksi utaona limepona lote. Juu ya paa hamna kitu, Dada. Usipapase.

Nduguyo akupendaye na aliyekukosea,
Kitindamimba wenu