Akina Ndunguru Wote Kwenye Folda ya Nyumbani

Chama cha Wakulima wa Kahawa,
Maguu, Mbinga.
9 Septemba 2024

Mpendwa kaka Methodi,

Shikamoo kaka, na Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani huko Tarime? Wifi na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimepona? Sisi wazima. Mama miguu bado inamvimba, lakini asubuhi humkuti ndani, yuko kwenye kahawa yake, na ukimwambia apumzike anakununia kutwa.

Kaka, mdogo wako sasa ni mtu mwingine. Usicheke! Unajua mimi ndiye katibu wa chama, na barua pepe zote zinafikia kwangu. Zilikuwa zimerundikana zaidi ya elfu tatu: za wanunuzi, za mbolea, za wilayani, na zako humo humo, maana sina anwani nyingine. Mwezi wa nne ikapotea ya mnunuzi mmoja. Mwenyekiti wetu, mzee Urbani, akasema ikipotea nyingine, kazi yangu anampa mtu wa mjini mwenye cheti. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye kiti kile. Nililia, kaka.

Herieth, binti wa dada Asteria, alipokuja likizo akanionyesha programu moja. Haina picha wala vitufe vya kubofya. Ni dirisha jeusi tupu, unaandika amri mwenyewe: barua ikitoka kwa fulani, ipeleke folda fulani. Barua zinajipanga zenyewe, wee! Mara ya kwanza nilikosea nukta moja ikanigomea kutwa nzima. Herieth alipoondoka nikaendelea peke yangu. Amri zote za wanunuzi nimeziandika mimi, mimi huyu huyu wa kidato cha nne.

Kisha nikajitia ujuaji. Jumatatu moja, ili barua zako zisichanganyike na za mbolea, nikaandika: kila inayotoka kwa Ndunguru iende folda ya Nyumbani. Nikajipongeza na chai.

Jumapili baada ya misa nikapita ofisini kuifungua. Barua thelathini na saba! Moyo uliniruka, nikasema kaka ameandika, tena ameandika za miezi yote. Kumbe! Nusu ya wilaya hii si akina Ndunguru? Bwana mifugo Ndunguru, fundi wa mashine ya kukoboa Ndunguru, wote wamejaa humo. Yako hata moja haikuwemo. Na katikati yao bwana Ignatio Ndunguru, anayeandaa mashindano ya uonjaji wa kahawa Mbinga: sampuli yetu ifike Jumatatu kabla ya saa sita, la sivyo tumetolewa. Alikuwa ameandika tangu Jumanne.

Ningeweza kusingizia mtandao. Haki ya Mungu, niliwaza hivyo. Lakini nikaenda moja kwa moja kwa mzee Urbani nikamwambia kosa ni langu. Akanitazama, akasema, "Bonifasia, hata mimi ni Ndunguru. Ya kwangu umeiweka wapi?" Tukacheka. Mchana ule ule tukakaa kuchambua kahawa, punje kwa punje, mama akiwemo. Kesho yake nikapanda bodaboda na mfuko wa sampuli kifuani. Saa nne nilikuwa nimeshafika.

Kaka, tumeshika nafasi ya kwanza! Kahawa ya Maguu, na ya mama imo. Mzee Urbani amesema mbele ya mkutano mzima kwamba kiti ni changu. Amri nayo nimeirekebisha, haitazami tena jina la ukoo, inatazama anwani kamili. Sasa wavuvi wa kikundi cha Mbaha, kule ziwani, wameniomba nikawafundishe. Mimi!

Mama, dada Asteria na Herieth wanakusalimu sana. Wifi Marselina msalimie, na watoto, Zabron na wenzake, waambie shangazi yao anatamba. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Jambo moja tu, kaka, na ndilo limenifanya nishike kalamu. Anwani yako nimeiandika kwenye amri ile herufi kwa herufi, na folda ya Nyumbani sasa ni yako peke yako. Haipotei tena barua. Kila jioni mama ananiuliza zako zimeingia ngapi, na tangu Pasaka namjibu bado.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja,
Bonifasia